Lango la Baruapepe na Orodha ya Uzuio ya Ndani

Mwezi wa Agosti 1982 Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alipotoa maandishi ya itifaki ya kupelekeana barua baina ya kompyuta, itifaki ijulikanayo kwa herufi SMTP, hakutia ndani yake njia yo yote ya kumhakikisha mleta barua kwamba ndiye hasa anayejitaja. Kompyuta inayobisha hodi hutaja jina lake, kisha humtaja mwandishi na mwandikiwa, na kompyuta inayopokea huyasadiki yote. Desturi hiyo haikuwa na ubaya siku zile, kwa kuwa waliotumia mitambo hiyo walikuwa wachache na wengi wao walijuana. Ijapokuwa hata kabla ya hapo, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment alikwisha kuwapelekea watu karibu 400 kwa mara moja tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Leo adha hiyo imekuwa kubwa hata hakuna chuo, afisi wala gazeti liwezalo kuacha mlango wa baruapepe wazi bila ya bawabu.

Bawabu huyo ni kompyuta, au programu ndani ya kompyuta, iwekwayo mbele ya seva ya barua ili kila barua itokayo nje ipite kwake kwanza. Katika makala haya itaitwa lango. Kati ya mambo yote anayoambiwa bawabu na mgeni wake, moja tu ni gumu kulighushi: anwani ya intaneti ya kompyuta inayosema naye. Jina laweza kuwa la uongo, na sahihi yaweza kuwa ya uongo, lakini mazungumzo hayawezi kuendelea isipokuwa majibu yafike kwa msemaji, na majibu hufuata anwani. Juu ya msingi huo mmoja ndipo lilipojengwa jambo linaloelezwa hapa, yaani orodha ya anwani zenye sifa mbaya ambayo lango huitazama kabla ya kufungua.

Jina la orodha hiyo lina historia yake. Mwaka 1997 Paul Vixie, pamoja na Dave Rand, alianzisha huko California orodha ambayo jina lake kwa Kiingereza liliitaja kuwa ni ya shimo jeusi, kwa maana kwamba kitokacho katika anwani zile kilitumbukia kisionekane tena. Baadaye watu wakazoea kusema orodha nyeusi, na magazeti ya Kiswahili yakaipokea tafsiri hiyo pasipo kuuliza. Siku hizi wenye kazi hiyo hupendelea neno litokanalo na kuzuia, na kwa Kiswahili orodha ya uzuio yafaa zaidi, kwa kuwa hutaja kitendo badala ya rangi. Hata hivyo jina hilo nalo lina kasoro ambayo yapasa kuangaliwa na kila atakayelitumia: orodha yenyewe haizuii kitu. Orodha hutoa ushahidi tu; anayezuia ni mwenye lango. Mambo mengi yaliyoharibika katika kazi hii yametokana na watu waliomfanya shahidi kuwa hakimu.

Njia ya kuisoma orodha ni ya werevu mwingi. Badala ya kumpa kila mwenye lango daftari zima, watunzaji walitumia utaratibu uliokuwapo tayari wa kutafuta majina katika intaneti, ule wa DNS uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Utaratibu huo hugawa majina katika vikoa, na kila kikoa kina mwenyewe anayejibu maswali yake. Wasomi wa lugha watakumbuka kwamba kikoa, kabla ya kuchukuliwa na watu wa kompyuta, kilikuwa ni chakula cha shirika ambacho kila mmoja hutoa kwa zamu yake. Ikiwa aliyelichagua neno hilo aliikumbuka maana ya kale au hakuikumbuka, limeangukia mahali pake: jamvi ni la wote, lakini kila mmoja hupika chungu chake.

Tuseme mgeni amebisha hodi kutoka anwani 192.0.2.99, na orodha inaitwa zuio.internal. Lango huzipindua sehemu nne za anwani, huzitanguliza mbele ya jina la orodha, na kuuliza kama jina 99.2.0.192.zuio.internal lipo. Likiwapo, jibu huwa ni anwani ya bandia, kwa kawaida 127.0.0.2, na maana yake ni kwamba mgeni yumo katika orodha. Likikosekana, jibu ni kwamba hakuna jina kama hilo, na mgeni hana shtaka. Kupindua huko huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni nyepesi. Bahasha ya posta huandikwa jina la mtu kwanza, kisha Sanduku la Posta, kisha mji, na mwisho nchi. Majina ya DNS yamepangwa vivyo hivyo, dogo likitangulia na kubwa likifuata. Anwani ya tarakimu huenda kinyume, kama nambari ya simu inayoanza na nchi. Ili viwili hivyo vilingane, hapana budi kimoja kigeuzwe.

Hayo yote yaliandikwa rasmi na John Levine katika RFC 5782 ya Februari 2010, na ndani yake mna sharti moja ambalo lingefuatwa na kila mtu lingeepusha taabu nyingi. Kila orodha ya anwani za namna hii lazima iwe na 127.0.0.2 ndani yake siku zote, na isiwe na 127.0.0.1 kamwe. Anwani hizo mbili haziwezi kuwa za mgeni ye yote wa kweli. Zimewekwa kwa kupima tu. Ikiwa ya kwanza haipatikani, orodha imekufa au njia ya kuifikia imekatika. Ikiwa ya pili inapatikana, orodha imerukwa na akili na inamshtaki kila mtu.

Jambo la mwisho hilo si la kubuni. Agosti 2003 orodha iliyoitwa Osirusoft, baada ya kushambuliwa kwa wingi wa maswali ya hila hata isiweze kufanya kazi, ilifungwa kwa namna ambayo ilijibu kwamba anwani zote za dunia zimo ndani yake. Orodha ya ORDB ilifungwa Desemba 2006. Lakini malango mengi yaliendelea kuiuliza kana kwamba hai, na Machi 2008 ikaanza kumjibu kila aulizaye kwamba naam, mgeni wako yumo. Katika mfano wa kwanza kama katika wa pili, barua za haki zilirudishwa kwa wingi, na wenye malango hawakujua sababu. Orodha ya SORBS, iliyofungwa Juni 2024, iliachwa tupu, na huo ndio ufungaji wa adabu. Ila lango linaloitegemea orodha tupu hulala usingizi likidhani linalinda.

Hapo ndipo inapoonekana faida ya kuwa na orodha ya ndani. Maneno hayo yana maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Maana ya kwanza ni nakala: chuo hupata kutoka kwa mtunzaji wa nje, kwa mapatano au kwa malipo, faili lote la anwani, hulihuisha mara kwa mara, na hulijibia maswali katika seva yake. Maana ya pili ni daftari la nyumbani, yaani anwani ambazo wenye lango wameziona wao wenyewe zikiwasumbua. Mitambo ni ile ile. Tofauti ni nani aliyeandika.

Kwa lango lenye barua nyingi, nakala ni karibu ya lazima. Watunzaji wakubwa kama Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, huruhusu maswali ya bure kwa watumiaji wadogo tu, na hukataa maswali yanayopitia seva za DNS za umma zitumiwazo na ulimwengu mzima, kwa kuwa hawawezi kutambua nani hasa anauliza. Badala ya kunyamaza, Spamhaus hujibu kwa anwani 127.255.255.254, ambayo maana yake ni kwamba umeuliza kupitia mlango usioruhusiwa. Lango lililopangwa vizuri huelewa. Lango lililofundishwa kwamba jibu lo lote ni shtaka litakataa barua zote siku hiyo, za rafiki na za adui. Yapasa kwa hiyo kila orodha itajwe pamoja na majibu yake yanayokubaliwa. Mathalani katika orodha ya ZEN ya Spamhaus 127.0.0.2 ni orodha ya watumaji waovu, 127.0.0.4 ni kompyuta zilizoambukizwa, na 127.0.0.10 na 127.0.0.11 ni anwani za majumbani na za simu ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za watu.

Kuiweka orodha ya nyumbani si kazi kubwa. Programu iitwayo rbldnsd iliandikwa kwa shughuli hiyo moja tu: husoma faili la maandishi ya kawaida, huliweka katika kumbukumbu ya kompyuta kwa umbo la kubana, na hujibu. Haitafuti majina mengine wala haiulizi mtu. Mistari ya faili huweza kuwa hivi:

:127.0.0.2:Barua haikupokelewa, anwani $ imo katika orodha ya chuo
127.0.0.2
192.0.2.0/24
!192.0.2.25

Mstari wa kwanza watoa jibu na maelezo yake, na alama ya dola itajazwa na anwani inayoulizwa. Wa pili ni ule wa kupimia uliotajwa juu, ambao mtunzaji lazima autie kwa mkono wake. Wa tatu wafunga anwani 256 kwa pamoja, na wa nne waitoa moja kati yao. Faili likibadilishwa, programu hulitazama tena kila dakika moja isipokuwa imeagizwa vingine, wala haihitaji kuzimwa na kuwashwa.

Shida huanza katikati, baina ya lango na orodha. Kwa kawaida lango halimwulizi rbldnsd moja kwa moja, bali huuliza seva ya DNS ya nyumbani, mathalani Unbound, na hiyo huambiwa kwamba maswali yote yanayoishia na zuio.internal yapelekwe kwenye anwani 127.0.0.1, mlango 530. Maagizo hayo ni ya mistari mitatu tu, na mtu huyaandika, hujaribu, na hapati kitu. Sababu ya kwanza ni kwamba Unbound, kwa hadhari, haikubali kuuliza kompyuta ile ile inamokaa mpaka iruhusiwe kwa kuondolewa katazo la do-not-query-localhost. Sababu ya pili ni ya sahihi: kikoa cha internal, ambacho shirika la ICANN lilikitenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani, hakimo katika shina la majina ya dunia, na seva inayokagua sahihi itathibitisha kwa haki kabisa kwamba hakipo. Hapana budi iambiwe kwamba kikoa hicho kisikaguliwe. Sababu ya tatu ni ya kufichika zaidi. Wako walinzi ambao, kwa kuogopa hila za tovuti, huagiza seva yao itupe kila jibu linaloanza na 127. Na kwa kuwa majibu ya orodha zote za uzuio huanza hivyo, orodha huwa kimya milele bila ya kutoa malalamiko yo yote.

Ukimya huo ndio hatari, kwa sababu lango kama Postfix likishindwa kupata jibu huandika onyo katika daftari lake na kumpitisha mgeni. Uamuzi huo ni wa busara, maana ni afadhali taka zipite kuliko barua ya haki kukwama. Lakini maana yake ni kwamba orodha iliyokatika hufanana kabisa na orodha isiyo na wahalifu. Dawa ni kuuliza zile anwani mbili za kupimia kwa saa maalumu, na kumwamsha mtunzaji jibu likibadilika.

Kisha laja swali la mahali pa kuulizia. Watu wa nyumbani, na wote waliokwisha kujitambulisha kwa neno la siri, wapitishwe kabla orodha haijatazamwa. Mwalimu anayepeleka barua ya chuo kutoka simu yake ana anwani ambayo karibu hakika imo katika orodha ya anwani za majumbani, nayo imo kwa haki. Akiulizwa orodha atakataliwa na chuo chake mwenyewe. Vile vile, ikiwa mbele ya lango kuna seva nyingine inayopokea barua kwanza, kila barua itaonekana imetoka kwa seva hiyo, na orodha haitamwona mgeni wa kweli. Hapo lango sharti lifundishwe seva zipi ni za kuaminiwa, ili lizihesabu nyuma katika alama za njia zilizoandikwa juu ya barua mpaka lifike kwa wa kwanza asiyejulikana. Likikosea kwa hatua moja, litamshtaki ndugu au litamwacha mwizi.

Si lazima ushahidi mmoja utoshe. Postfix ina sehemu iitwayo postscreen ambayo hukaa mlangoni na kuzipa orodha uzito. Daftari la nyumbani laweza kupewa 3, nakala ya nje inayoaminiwa 2, nyingine yenye sifa ya haraka 1, na mgeni akatakiwa kufikisha 3 ndipo akataliwe. Orodha za watu wema nazo huweza kupunguza hesabu. Juma la kwanza au mawili yafaa lango liagizwe kuandika tu lile ambalo lingelifanya, bila ya kulifanya. Na anayelisimamia asome mistari hiyo kila asubuhi. Aghalabu ataikuta humo seva ya chuo kingine, ambacho kompyuta zake zote hutoka nje kwa anwani moja, na moja kati yao ikiwa imeambukizwa huwapaka wote matope. Katika nchi ambazo anwani za tarakimu ni adimu na watu wengi hugawana moja, jambo hilo si la nadra.

Mgeni akikataliwa, akataliwe mlangoni. Barua ikikwisha kupokelewa kwa namba 250, na baadaye lango likaona ni taka na kuirudisha, itarudi kwa mtu ambaye jina lake limeibwa, naye hana habari. Kukataa kwa namba 550 au 554 wakati mgeni angali amesimama humwachia seva yake kazi ya kumwarifu mwandishi, na mwandishi wa kweli hujua barua yake haikufika. Namba 451, ambayo humwambia rudi baadaye, hufaa wakati wa mashaka.

Namba hizo hufuatana na maneno, na maneno hayo yangestahili kuangaliwa na watu wa lugha kuliko yanavyoangaliwa. Ndiyo maneno pekee ambayo lango humwambia mwanadamu. Aghalabu huwa ni Kiingereza cha mafundi, nusu vifupisho, na mtu wa kawaida akiyasoma hujua tu kwamba pana jambo limeharibika. Itifaki ya zamani hukubali herufi za ASCII tu, na lugha nyingi za dunia haziwezi kuandikwa kwa hizo bila ya kulemazwa. Maandishi ya Kiswahili ya kawaida, yasiyo na alama juu ya herufi, hupita yote salama. Nafasi yake ni ndogo, maana kipande kimoja cha maandishi katika DNS hakizidi baiti 255, lakini yatosha kueleza jambo: Barua yako haikupokelewa na chuo. Anwani 192.0.2.99 imeripotiwa kupeleka taka. Mwambie msimamizi wa barua wa kwenu, au andika kwa postmaster.

Anwani ya postmaster, ambayo itifaki yenyewe imeamuru kila seva ya barua iwe nayo, sharti iachwe nje ya uzuio wote. Hupokea taka nyingi kwa sababu hiyo, na wasimamizi hushawishika kuifunga. Ikifungwa, aliyekataliwa kwa makosa hana tena mlango wa kupeleka malalamiko. Huelekezwa kuandika mahali ambapo barua yake itakataliwa kwa kosa lile lile.

Yabaki jambo la kuondoa. Anwani hubadilisha wenyewe: iliyokuwa ya mwovu mwaka jana huenda leo imekodishwa kwa hospitali. Katika faili la rbldnsd kila mstari unaoanza na alama # hausomwi na programu, na hapo ndipo mtunzaji mwangalifu huandika tarehe, sababu, na siku ambayo anwani itatazamwa upya. Mstari ukifutwa, rbldnsd huacha kuujibu ndani ya dakika moja. Lakini seva ya DNS iliyokwisha kuuliza hukumbuka jibu la zamani mpaka muda wake uishe. Kadhalika kwa upande wa pili: anwani iliyoongezwa sasa hivi haitazuiliwa mara moja, ikiwa seva imekwisha kukariri kwamba haipo. Kwa orodha ya nje muda mrefu ni hisani kwa mtunzaji, kwa kuwa humpunguzia maswali. Kwa orodha iliyo katika kompyuta ile ile hauna faida, na dakika 5 zatosha pande zote mbili.